Maji ni ya Mungu, Chujio Lina Bei: Maneno ya Ofisi ya Mweka Hazina katika Mkutano wa Mwaka



Kwa kawaida ofisi ya mweka hazina huja mbele yenu na mapato na matumizi. Hesabu hizo zimo katika kurasa zake. Leo tumeombwa tuzungumzie kitu ambacho harambee ya mwaka huu inakichangia, yaani chujio la utando la maji ya kunywa. Sisi si mafundi wa maji, ni wahasibu. Basi tumeuliza yale ambayo mhasibu huuliza kabla ya kutia saini hundi: kifaa hiki kinafanya nini, hakifanyi nini, na nani atakilipia picha za uzinduzi zikishapigwa?

Kwetu ni visiwani. Maji yako pande zote, lakini maji ya kunywa ni shida. Tunachota ziwani kunakofuliwa nguo, kunakonyweshwa ng'ombe na kunakoegesha mitumbwi. Kuchemsha kunataka kuni, na kuni nazo zinazidi kuwa mbali.

Utando ni nini? Ni nyuzi nyembamba kama tambi, zenye tundu katikati, au karatasi laini za plastiki, na zote zina vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo vina upana wa takriban maikroni 0.01 hadi 0.1, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa maikroni 1 hadi 3, kwa hiyo hakipenyi. Tope na mayai ya minyoo hayapenyi pia, na utando wenye vinyweleo vidogo zaidi huzuia hata virusi vingi.

Jambo lililotuvutia sisi wa fedha ni msukumo wake. Mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari huhitaji msukumo wa bar 55 au zaidi, na bili ya umeme hufuata. Utando huu hutosheka na chini ya bar 2. Maji yaliyosimama kimo cha mita 10 hutoa bar 1, kwa hiyo tangi juu ya mnara laweza kufanya kazi ya pampu. Taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag, imeonyesha kwamba hata kimo kisichozidi mita moja kinatosha, maji yakiachwa yapite polepole. Vioski vya namna hiyo vimefungwa mashariki mwa Uganda, kandokando ya ziwa letu hili hili.

Teknolojia hii si ya kubahatisha. Mwaka 1993, mji wa Milwaukee huko Marekani, unaokunywa maji ya Ziwa Michigan, ulipata wagonjwa zaidi ya 400,000 kwa sababu ya kijidudu kisichokufa kwa klorini. Baada ya hapo miji mingi ya Marekani ikaanza kufunga utando. Hapa Afrika, Windhoek nchini Namibia wana mtambo uliofunguliwa mwaka 2002 unaosafisha hata majitaka yakawa maji ya kunywa, na utando ni mojawapo ya hatua zake.

Sasa tuseme na yale ambacho hakiwezi. Hakiondoi chumvi wala madini yaliyoyeyuka, wala sumu iliyokwisha kuyeyuka kutoka kwenye ule ukijani unaoelea ziwani. Kwa hiyo bomba la kuvutia maji liwekwe mbali na ufukwe, si pale ukijani unapokusanyika. Maji yakishachujwa yanaweza kuchafuka tena ndani ya ndoo chafu, hivyo klorini kidogo bado inahitajika. Utando ukiachwa ukauke unaharibika. Uzi ukikatika, vijidudu hupita bila mtu kujua, kwa hiyo awepo mtu aliyefunzwa kuupima. Na hata ukitunzwa vizuri, utando huchakaa na kubadilishwa baada ya miaka kadhaa.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Wapo wanaosema maji ya ziwa ni ya Mungu, yagawiwe bure. Tunawaheshimu. Lakini chujio lina bei, na kitu cha bure kikiharibika hakina wa kukitengeneza. Pampu za mkono zilizokaa kimya vijijini kwetu kwa kukosa vipuri mnazijua.

Tuchukue mfano, si bei ya dukani. Utando wa mita za mraba 40, ukipitisha lita 5 kwa kila mita kwa saa, hutoa lita 4,800 kwa siku. Hizo ni ndoo 240 za lita 20. Tuseme nusu yake, ndoo 120, zinauzwa kwa shilingi 50. Tunapata shilingi 6,000 kwa siku, yaani 180,000 kwa mwezi. Mwuzaji, klorini na matengenezo madogo vikichukua 90,000, zinabaki 90,000. Ikiwa utando mpya ni shilingi 7,000,000 na unadumu miaka 7, lazima tutenge takriban 83,000 kila mwezi. Zinabaki 7,000.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kioski chaweza kujiendesha, lakini hakiwezi kurudisha gharama ya kukijenga. Ujenzi ni mzigo wetu sisi tulioko mijini. Pili, shilingi 50 ya bibi yule mwenye ndoo ndiyo itakayonunua utando wa pili. Tukiifuta ili tuonekane wakarimu, tunawapa wajukuu zake chuma chakavu.

Kwa hiyo tunaomba mkutano uamue mambo matatu. Michango ya leo ilipie ujenzi na mafunzo ya vijana wawili wa kijijini. Akiba ya utando iwe na akaunti yake, yenye watia saini watatu, wawili wakiwa wakazi wa kijijini na mmoja wao mwanamke. Na salio la akaunti hiyo libandikwe kioskini kila mwezi, mahali ambapo kila mchotaji ataliona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaomba tutenge fedha ya kuziba ufa siku ile ile tunayojenga ukuta. Bahasha na fomu za ahadi zipo mezani. Mwenye nyingi na mwenye kidogo, wote wataandikiwa stakabadhi.