Bingwa Aliyepewa Njia ya Ndani

(Maneno kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo sikuja na habari za mbuzi wa maziwa wala za mikopo. Nataka niwasimulie juu ya jirani yetu wa Uganda, John Akii-Bua, mkimbiaji wa kuruka viunzi.

Alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, katika boma lenye watoto zaidi ya 40 wa baba mmoja. Shuleni hakufika mbali. Akaingia polisi, na huko ndiko miguu yake ilikoonekana. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamtoa kwenye mita 110 akamtia kwenye mita 400: viunzi kumi, kila kimoja futi tatu, na katikati unakimbia kama mtu anayefukuzwa. Mwaka 1970, michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, akawa wa nne. Wa nne hapewi kitu, mnajua. Akarudi nyumbani, akafanya mazoezi amevaa fulana nzito, akiruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano.

Basi ikafika fainali ya Olimpiki, Munich, Septemba 2, 1972. Akapewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Mliokimbia shuleni mnaijua: kona yake ni kali, mwili unainama, na hapo hapo kiunzi kinakungoja. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968, alitoka kwa kasi kweli. Akii-Bua akamfuata polepole, akamfikia, akampita, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ameshuka chini ya 48! Na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Lakini mimi hufikiria zaidi yaliyofuata. Mwaka 1976 Uganda, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo ya Montreal, na huko Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake. Mwaka 1979, Amin alipoangushwa, bingwa huyu alikimbilia hapa kwetu Kenya na jamaa yake, akawekwa kambi ya wakimbizi. Hebu fikirini, mtu yule! Waliomtoa ni kampuni ya viatu, Puma ya Ujerumani. Baadaye alirudi kwao, akafa Juni 1997 akiwa na miaka 47. Serikali ikamzika kwa heshima kubwa.

Nimewasimulia haya kwa sababu juzi, katika kikundi kimoja, nilisikia jina la mama mwanzilishi likifutwa daftarini. Amekosa mchango wa miezi mitatu. Kumbe anauguza mume, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumpigia hodi. Nikaomba jina lirudishwe. Mwenyekiti akasema litajadiliwa mkutano ujao. Nami nitakuwepo.