Nondo Avimbishaye Bua la Gugu Karoti

Wasikilizaji, lipo gugu lenye maua madogo meupe na majani yaliyochanika mfano wa majani ya karoti, na kwa ajili hiyo watu wa Tanzania huliita gugu karoti. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Ng'ombe wakilila, ladha ya maziwa yao huharibika, na watu walishikao mara kwa mara huota upele. Nchini Kenya lilionekana mwaka 1975 katika mashamba ya kahawa.

Kwao Mexico gugu hilo lina adui, naye ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu. Jike hutaga mayai juu ya majani. Kiwavi aanguliwapo hula jani kwanza, kisha huingia ndani ya bua penye chipukizi, akakaa humo akila. Hapo bua huvimba likawa kama fundo. Chakula ambacho mmea ungekipeleka kwenye maua huishia katika uvimbe huo, kikawa posho ya kiwavi. Naye, kabla ya kujibadili awe nondo, hutengeneza tundu la kutokea na kuliziba kwa utando mwembamba. Maana nondo hana meno ya kutoboa bua, na bila mlango ule angefia ndani. Ni busara ya ajabu kwa kiumbe mdogo hivi.

Mwaka 1982 nondo huyu aliachiliwa katika jimbo la Queensland, Australia, ambako gugu lilikuwa limeharibu malisho. Mche aushambuliao ungali mchanga hudumaa, na maua yake huwa machache. Uliokwisha komaa haudhuriki sana.

Huenda mkulima akauliza mbona asiletwe Afrika. India walimchukua kutoka Australia, wakamfuga kwanza ndani ya maabara. Ikaonekana kwamba aweza kuishi na kuzaana juu ya nugi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kula. Basi nondo wote wakaangamizwa. Na nugi ni mmea muhimu wa mafuta nchini Ethiopia, jirani wa Kenya. Nao wadudu hawasimami mpakani. Waethiopia wakachagua wadudu wengine, akiwamo mbawakawa alaye majani ya gugu.

Mwenye shamba lililoingiliwa na aling'oe gugu kabla halijachanua, akiwa amevaa glavu.