FIMBO NGAPI ZINATOSHA?

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wazee na wanafunzi.)



Wenzangu waliotangulia wamezungumza juu ya paa la bwalo na ada za chama. Mimi nimepewa mada ndogo zaidi, nayo ni fimbo za kuvulia samaki. Tangu chama chetu kilipoiletea shule zile kayaki mbili za plastiki, vijana wa chama cha uvuvi hutoka nazo Jumamosi asubuhi pamoja na mwalimu wa michezo, na kuna ubishi mmoja ambao umekataa kwisha baina yao. Mtu mmoja katika kayaki moja achukue fimbo ngapi? Wapo wanaosema moja, na wapo wanaosema nne. Mwalimu amechoka kuamua, akaniita mimi ambaye tangu nistaafu sina kazi nyingine ila hiyo.

Nitatoa jibu kwanza, kisha nieleze sababu, ili atakayesinzia awe amekwisha kupata fungu lake. Jibu langu ni fimbo mbili na mshipi mmoja wa mkono. Kwa anayeanza, fimbo moja na mshipi huo huo.

Sasa sababu. Tusiwacheke wanaotaka fimbo nne, maana wana hoja. Pwani yetu hii ya Tanga ina samaki wa namna mbalimbali, na kila mmoja ana mlo wake na mahali pake. Changu na chewa wako chini, karibu na mwamba, nao hutaka chambo kizuri na chubwi la kukifikisha huko. Kolekole na nguru hukimbia majini, nao hufuatwa kwa kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya chombo huku unapiga kafi. Nguru ana meno ya kukata mshipi mara moja, kwa hiyo hutaka kipande cha waya mbele ya ndoana. Kufungua na kufunga vitu hivi ukiwa juu ya mawimbi ni kazi ya kuudhi. Basi kijana hujiambia: niwe na fimbo ya kila samaki, iliyokwisha kufungwa tangu nyumbani. Katika mashua ya watu watano, hoja hiyo haina kasoro.

Lakini kayaki si mashua. Upana wake haufiki hata mita moja. Umekaa, miguu imenyooshwa mbele, na kila kilicho nyuma ya mgongo wako hukioni. Fimbo zinazosimama nyuma yako ndizo ndoana yako itakazonasa utakapotupa mshipi. Ndizo kafi lako litakazogonga utakapotaka kugeuka upesi.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia akaniamkia, akasema, "Mzee, mwenye fimbo nne si atapata samaki mara nne?" Nikamwuliza, "Mwanangu, una mikono mingapi?" Akacheka. Nikamwambia asicheke, ahesabu. Samaki akishika, mkono mmoja unashika fimbo, wa pili unazungusha rili. Je, kafi litashikwa na nani? Na ile mishipi mingine mitatu iliyo majini itatazamwa na nani wakati samaki anakimbia chini ya chombo, kulia kwenda kushoto, akiizungukia yote?

Wale waliosoma fasihi ya Kiingereza hapa watamkumbuka Santiago, mvuvi mzee wa Cuba katika kitabu cha Ernest Hemingway kilichotoka mwaka 1952. Mzee yule alikuwa peke yake katika mashua yake, na aliteremsha mishipi minne: mmoja pima 40, wa pili pima 75, wa tatu pima 100 na wa nne pima 125. Ilipangwa vizuri, kila mmoja na kina chake. Lakini samaki mkubwa alipokamata mmoja, ile mingine ilimlazimu mzee kuikata kwa kisu na kuunganisha akiba yake ya kamba kwenye mshipi uliobaki. Na usiku kucha alikuwa akisema laiti yule kijana angekuwepo. Fikirini jambo hilo. Mvuvi hodari kama yule, samaki alipofika, alibaki na mshipi mmoja, kwa sababu mtu mmoja hupigana na samaki mmoja.

Kwa nini basi nisiseme fimbo moja? Kwa sababu bahari haikupi duka. Ncha ya fimbo ikivunjika, au rili ikijaa mshipi uliojisokota kama kiota cha ndege, umepiga kafi saa nzima kwenda na utapiga saa nzima kurudi bure. Fimbo ya pili ni akiba, na pia ina kazi yake: moja iwe ya kurambaza unapokwenda kwenye mwamba na unaporudi, nyingine ya kuteremsha chini ukifika. Ukitaka kurambaza kwa zote mbili, mshipi mmoja uwe mrefu na mwingine mfupi, na ugeuke kwa duara kubwa, la sivyo itasukana. Mbili zinawezekana kwa mtu aliyezoea. Mimi sijaona mtu mmoja akiziweza tatu vizuri.

Na ule mshipi wa mkono? Huo ni elimu ya wazee wetu wa mitumbwi na ngalawa, ambao wamelisha miji ya pwani hii bila fimbo. Uzungushe kwenye kipande cha ubao, ndoana yake uichomeke ndani ya kizibo, uutie mfukoni. Hausimami, haunasi, wala haushiki upepo. Fimbo zote mbili zikiharibika, bado utarudi na kitoweo. Anayetaka fimbo ya tatu kwa ajili ya akiba, akiba yake ndiyo hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa nimezungumza juu ya samaki. Sasa niseme juu ya watoto wetu, maana hapo ndipo penye uzito.

Kayaki hupinduka. Kwa bwana yeyote avuaye nje ya mwamba, si swali la kama, ni swali la lini. Inapopinduka, njia ya kurudi ni kukigeuza chombo, kujilaza kwa tumbo katikati yake, kisha kugeuka na kukaa. Tazameni sasa fimbo nne zilizosimama. Zinakuzuia kupanda. Ndoana nane zinaelea usawa wa uso na mikono yako. Mishipi inazunguka miguu. Mtasema, tutazifunga kwa kamba ili zisipotee. Ni vyema, kila kitu kifungwe. Lakini kila fimbo ni kamba moja zaidi, na kila kamba ni kitanzi kimoja zaidi majini. Kwa hiyo hesabu ya fimbo ni hesabu ya vitu vitakavyokuwa kati yako na chombo chako siku hiyo. Jaketi la kujiokolea linakusaidia kuelea, lakini halikufungui ulipofungwa.

Watu wa Greenland, ambao kayaki imetoka kwao na kwa jamaa zao wa nchi za barafu, walikwenda kuwinda sili katika maji ambayo mtu hafi kwa kuzama tu, hufa kwa baridi. Silaha zao walizilaza juu ya chombo chini ya mikanda ya ngozi, kila moja mahali pake, ili mkono uifikie bila jicho kutafuta. Tuige hilo. Unapopita mahali mawimbi yanapovunjika, zilaze fimbo zako na ndoana zifunikwe.

Na hata huko Uingereza, kwenye mito na maziwa, leseni ya kuvua hutaja idadi ya fimbo: kwa samaki aina ya samoni ni moja, na kwa wengine mbili, au tatu kwa leseni maalumu. Sisi hatuna haja ya kungoja serikali ituhesabie.

Basi naliomba jambo hili liandikwe na kubandikwa pale kibanda cha kayaki kinapofungwa. Kwanza, idadi iamuliwe nchi kavu, kabla chombo hakijagusa maji. Pili, siku za bamvua, maji yakienda kwa nguvu, na siku kusi inapovuma, fimbo ni moja, kwa sababu mkono mwingine ni wa kafi; ikivuma sana, fimbo ni sifuri. Tatu, hakuna mwanafunzi atakayeongezewa fimbo ya pili mpaka mwalimu amwone akipinduka kwa makusudi katika maji ya kifuani, na kurudi juu peke yake, fimbo moja ikiwa imefungwa na bila ndoana.

Najua vijana wawili watatu hapo nyuma wanasema mzee anawapunguzia samaki. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Njooni nami Jumamosi ijayo, maji yakianza kujaa. Kila mmoja achukue fimbo anazotaka. Tutahesabu samaki tukirudi, na pia tutahesabu mafundo.