ALIITWA MHALIFU, KUMBE ANA USONJI!

Vijana wenzangu, acheni drafti kidogo mnisikilize. Leo sizungumzii ruzuku wala kura zilizoibwa. Nazungumzia fundi magari.

Anaitwa John Elder Robison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1957. Utotoni wakubwa walimfokea: nitazame machoni! Hakuweza. Macho yalikimbilia sakafuni. Basi wakahukumu: huyu anaficha jambo, huyu ataishia jela. Kesi imekwisha, hakuna shahidi, hakuna wakili.

Sekondari hakumaliza. Lakini mikono yake! Mwishoni mwa miaka ya 1970 ni yeye aliyewaundia wanamuziki wa kundi la KISS magitaa ya kutoa moto na kufyatua roketi jukwaani. Baadaye akaajiriwa kubuni michezo ya watoto ya elektroniki. Wakampandisha cheo, ubosi ukamshinda, akaondoka kwenda kufungua gereji huko Massachusetts. (Mtu anakimbia ubosi! Vigogo wetu wasikie.)

Akiwa na miaka 40, rafiki yake mmoja, mtaalamu wa ushauri nasaha, akampa kitabu kuhusu hali iliyoitwa Asperger. Akasoma, akajikuta mle ndani. Siku hizi hali hiyo inahesabiwa kuwa ni usonji. Mtu huzaliwa nao: ubongo wake unapokea maneno, sauti na nyuso za watu kwa namna yake. Na tusiwalaumu sana madaktari wa zamani. Jina hilo liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1994 tu.

Mwaka 2007 akatoa kitabu, akakipa jina la ile ile amri ya utotoni: Look Me in the Eye. Chuo cha William & Mary nacho kikamwalika kufundisha, mtu aliyeacha shule!

Sasa sikieni. Aliingia katika kamati za Autism Speaks, shirika kubwa la mambo ya usonji. Novemba 2013 mwanzilishi wake mmoja akaandika kana kwamba usonji ni balaa lililovamia familia. Robison akajiuzulu. Hakukubali watu wa aina yake wasemewe na wasiowasikiliza. Kusemewa tunakujua, siyo?

Na kwetu? Mtoto wetu akimkazia macho mkubwa, hana adabu. Kwa hiyo jambo lililomponza Robison hapa linasifiwa: mtoto mpole, mwenye heshima! Nani atashtuka? Ukubwani ndipo vituko: jamaa haelewi utani, kelele za soko zinamtimua, kibarua hakidumu. Tunamwita zezeta.

Mimi mwenyewe nilimwita hivyo fundi redio mmoja wa mtaani kwetu, miaka mitatu. Mimi si daktari, simpi jina jingine. Juzi nikaenda kukaa mezani pake. Hakunitazama. Alinieleza redio yangu kifaa kimoja baada ya kingine, na safari hii sikumkatiza.