Pato la Intaneti Nalo Lataka Daftari



Vijana husema kwamba filamu ikishawekwa katika intaneti huleta fedha hata mwenyewe akiwa amelala. Usemi huo una ukweli, lakini si ukweli wote.

Mfano ni YouTube, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005. Mwenye filamu hapati gawio la matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000, na filamu zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12. Au zile fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Akikubaliwa, hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo katika filamu ndefu. Kujiunga hakuna kiingilio. Adaiye ada ya kumwingiza mtu ni wa kuepukwa.

Kazi hii ni kama mbuni: hupandwa, husubiriwa miaka, na hata ukizaa hutaka kupogolewa. Kitabu au picha zinazouzwa kwa njia hiyo nazo ni vivyo hivyo.

Hatari kubwa i katika jina. Chama kikinunua kamera, kisha akaunti ikafunguliwa kwa jina la kijana mmoja, siku akiondoka pato huondoka naye. Basi Mkutano Mkuu uidhinishe kwanza, Kamati iandike mwenye mali ni nani, na malipo yaingie benki katika hesabu ya chama.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.