Mtu Aliye Mtaroni Hana Upande



Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hiyo humfundisha mtu kujihadhari, lakini haimfundishi kumwokoa yule anayenyolewa. Leo tuitazame siku moja ambayo kujihadhari peke yake kusingetosha.

Tarehe 7 Mei 2015, mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ulijaa waandamanaji waliompinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea kipindi cha tatu. Mtu mmoja, aliyeshukiwa kuwa wa Imbonerakure, umoja wa vijana wa chama tawala, alikimbia nyumbani kwake akirushiwa mawe, akajificha ndani ya mtaro wa maji machafu. Alipotoka humo, aliwasihi wanajeshi wamlinde. Mpiga picha Jerome Delay wa shirika la habari la Associated Press alikuwapo, na picha zake zikaenea duniani. Mtu yule alinusurika siku ile.

Wako watakaouliza: je, alistahili kulindwa? Swali la makosa yake ni la mahakama. Mtaroni palikuwa na swali moja tu: ataishi au atakufa? Na askari anayesimama baina ya mtu na umati huchagua hatari mbili. Ya kwanza ni jiwe. Ya pili ni kuitwa msaliti na watu waliomwamini jana. Siku sita tu baadaye, tarehe 13 Mei, jaribio la mapinduzi liliwagawa wanajeshi wenyewe.

Raia wa kawaida akifunga mlango kwa kuwaogopea watoto wake, tusiwe wepesi wa kumlaumu. Sheria za nchi nyingi hazimdai atoe roho yake. Hata hivyo wapo waliofungua. Oktoba 1993, huko Ruyigi, Bibi Marguerite Barankitse, asiye na silaha yoyote, alishuhudia watu 72 wakiuawa, lakini aliwaokoa watoto 25.

Ndugu askari, kama asiye na bunduki alithubutu, mwenye bunduki atajitetea kwa neno gani? Raia aliombwa wema. Wewe umeapa wajibu. Tena lipo jambo jingine. Bei ya wema katika mtaa hupangwa na wenye silaha. Askari wakitenda haki, anayemficha mgeni hukabiliwa na hatari ndogo, na milango mingi hufunguka. Askari wakichagua kabila au chama, hata jirani mwema hufunga komeo.

Kwa hiyo, siku mtu usiyemjua atakapokukimbilia, usimwulize kwanza ni wa nani. Mtoe mtaroni, kisha mpeleke mbele ya sheria kama ana la kujibu. Sare yako ndiyo mlango wake wa mwisho.