Kolwezi: hatuombi zawadi, tunaomba fasi ya kujifunza

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Manika na Dilala



Tunajua wengine wenu mulicheka wakati mulisikia kama leo tutazungumuza juu ya muchezo wa video. Mama mumoja wa avenue yetu, yeye hakucheka. Alituuliza: «Banangu, bunduki za mu inchi hii hazitoshi? Munatafuta tena zingine mu ordinatere?» Ulizo lake ni la haki. Tutamujibu.

Muchezo wenyewe unaitwa Doom. Ulitoka Marekani mwezi wa 12 mwaka wa 1993, ukatengenezwa na kampuni id Software. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Unatembea mu vyumba vya giza, unapiga mashetani, ni vile tu. Ungekuwa umesahauliwa zamani. Lakini tarehe 23 mwezi wa 12, 1997, John Carmack, mutu aliyeandika motere ya ule muchezo, aliiweka kodi yake wazi. Motere ni ile programu inayochora kuta, inayosogeza adui, inayosikia kidole chako ku klaviye. Mwanzoni ilikatazwa kuitafutia faida. Mwaka wa 1999 ikawekwa chini ya leseni ya GPL: soma, badilisha, gawa, lakini ukigawa ya kwako, uachie wengine haki ile ile.

Kodi haikutoka nzima. Programu ya sauti ya muchezo wa DOS ilikuwa mali ya mutu mwingine, kwa hiyo haikutolewa. Wapenzi wa muchezo hawakukaa kulalamika, waliandika sauti yao wenyewe. Mwaka wa 1998 TeamTNT wakatoa Boom, wakarekebisha makosa mengi. Marisa Heit akaanza ZDoom, iliyofungua mulango kwa watu wanaotaka kuongeza vitu vipya. Simon Howard akafanya kinyume: Chocolate Doom yake inatunza hata makosa ya zamani, ili muchezo uende sawa vile ulikuwa mu ordinatere za miaka ile. Hakuna bosi aliyewatuma. Ni kazi ya jioni, kisha kazi.

Sisi tuko watu sita, wote na diplomu ya université, wote bila kazi. Tuko na ordinatere moja ya okazio. Kwa Doom inatosha: mwaka wa 1993 ilikuwa inaomba mega 4 tu za memwari. Siku moja tulifungua faili inaitwa info.c. Tukakuta yule shetani anayetupa moto iko na uzima wa 60. Namba, basi. Tukaandika 6, tukatengeneza programu upya, tukacheza: akaanguka kwa risasi moja. Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Mama, jibu letu ndiyo hili. Miaka yote tulikuwa tunapigwa na kitu ambacho tulizani hakibadilike. Siku ile tuliona fasi namba imeandikwa.

Hatutawadanganya. Hatujatuma rekebisho hata moja kwa wale watu. Umeme unakatika katikati ya kazi, mega za internete zinaisha mbele ya kumaliza. Tena motere peke yake haichezi: picha, sauti na ramani za Doom zilibakia mali ya kampuni. Ni juu ya ile watu walianzisha Freedoom, wanachora vyote upya ili kila mutu avipate bure. Sisi pia tuko kama ile motere. Masomo tuko nayo. Vyombo vya kuyatumikisha, hapana.

Na tuko Kolwezi! Kobalti inatoka chini ya miguu yetu, inaenda mu batri za telefone na ordinatere za dunia nzima. Sisi, wenye udongo, tunagojeana zamu mbele ya klaviye moja. Ukipeleka dosye ya kazi, wanakuomba uzoefu wa miaka 5. Tutaupata ku nani?

Lakini hapa pia kuko namba imeandikwa. Code minier ya 2018 inaomba kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoikala karibu na machimbo. Tena inaomba kampuni ipatane na watu wale juu ya cahier des charges. Wangapi kati yetu waliisoma ile ya kwao? Sisi wenyewe tuliisoma info.c mbele ya kuisoma. Ni haya yetu, tunaikubali.

Kwa hiyo tunafanya vitu viwili. Kila kartye itafute cahier des charges yake, tuisome pamoja kwa sauti, neno kwa neno. Na wakati wa kuandika upya, tuombe chumba kimoja: ordinatere kumi, umeme wa jua, internete, mulango wazi kwa mutoto wa muchimbaji na kwa mwenye diplomu.

Mwenye kuwa na ordinatere ya zamani, aje nayo. Mwenye kuwa na ile karatasi, aje nayo mbele.

Namba imeandikwa. Twende tuisome.